Kupima Kina kwa Gharama Ndogo: Somo la Picha za Vipimo Vitatu katika Tiba ya Kisheria

UTANGULIZI

Katika makala haya tumekusudia kumsaidia mwanachuo anayejiandaa kufundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi aweze kufundisha jambo moja ambalo aghalabu hupitiwa juu juu, nalo ni kina. Wanafunzi wetu hujifunza mapema kupima urefu na upana wa daftari, wa dawati na wa chumba cha darasa. Kina hutajwa wanapofikia ujazo wa maboksi na matangi, na hata hapo hupewa kama tarakimu iliyokwisha kupimwa na mwandishi wa kitabu. Kazi ya mtoto huwa ni kuzidisha tu. Hivyo humaliza shule akiijua kanuni ya ujazo, lakini akiwa hajapata kupima kina cha kitu kisicho na kingo zilizonyooka.

Mfano wetu tumeutoa katika tiba ya kisheria, yaani ule utabibu unaoihudumia mahakama. Daktari wa fani hii huulizwa maswali mazito. Jeraha hili limetokana na kitu cha umbo gani? Pigo lilitoka upande gani? Wachunguzi wanaofanya kazi pamoja naye huulizwa kama alama iliyokutwa udongoni yaweza kuwa imeachwa na kiatu fulani. Majibu ya maswali hayo huweza kumtia mtu gerezani, na pia huweza kumtoa. Kwa hiyo, mahali hapo kipimo si zoezi la hesabu pekee. Uhuru wa mtu umo ndani yake.

Hatukusudii kabisa kuleta darasani picha za majeraha wala za maiti. Somo litafanyika kwa kisanduku cha mchanga, nyuzi na kandambili. Lakini kanuni atakazozishika mwanafunzi kwa vifaa hivyo ndizo zile zile zinazotumiwa na wataalamu wenye kompyuta na kamera. Ni muhimu mwalimu mwenyewe azielewe kwanza, ndipo aingie darasani.

UPUNGUFU WA PICHA YA KAWAIDA

Picha ya kawaida ni bapa. Hueleza urefu na upana, lakini kina hukificha. Zaidi ya hayo, ukubwa wenyewe haumo ndani ya picha mpaka uwekwe na mpiga picha. Kokoto lililopigwa picha kwa karibu huweza kuonekana sawa na jabali lililopigwa kwa mbali. Ndiyo sababu wachunguzi huweka rula kando ya alama wanayoipiga picha.

Hata hivyo, kuweka rula hakutoshi; hapana budi iwekwe mahali panapostahili. Tuchukue mfano. Kamera imeelekezwa chini, nayo iko sentimita 100 juu ya unyayo uliomo ardhini. Rula imelazwa juu ya ardhi hiyo hiyo. Katika picha iliyochapishwa, sentimita 10 za rula zinaonekana kuwa na urefu wa sentimita 4, na unyayo unaonekana kuwa na urefu wa sentimita 9.2. Kwa hesabu ya uwiano, urefu halisi wa unyayo ni 9.2 × 10 ÷ 4, yaani sentimita 23.

Sasa tuseme mpiga picha ameiweka rula ile juu ya tofali lenye kimo cha sentimita 10. Rula sasa iko sentimita 90 tu kutoka kwenye kamera, kwa hiyo itaonekana kubwa zaidi: sentimita 10 zake zitachukua takriban sentimita 4.44 pichani. Mtu asiyejua habari za tofali atapiga hesabu ile ile na kupata sentimita 20.7. Unyayo umepungua kwa sentimita 2.3, nazo ni zaidi ya namba tatu za viatu. Hakuna aliyesema uongo. Picha ni halisi na rula ni halisi. Lakini mwenye kiatu kikubwa ameachwa, na mwenye kiatu kidogo ametiwa mashakani.

Wataalamu walilitambua tatizo hili zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris alianzisha utaratibu wa kupiga picha za mahali pa tukio na kuzibandika juu ya kadi zilizochapwa vipimo pembeni, ili umbali uweze kukadiriwa. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani, Hyzer na Krauss, walieleza matumizi ya rula maalumu yenye umbo la herufi L na miduara mitatu. Iwapo kamera imeinamishwa, miduara ile huonekana kama mayai. Basi mtazamaji hutambua mara moja kwamba picha imepotoka. Hiyo ni zana rahisi sana, lakini ndani yake mna fikra kubwa: picha ichukue pamoja nayo ushahidi wa makosa yake yenyewe.

MACHO MAWILI HUONA ZAIDI YA JICHO MOJA

Je, kina chaweza kupatikana vipi kutokana na picha bapa? Jibu limo katika nyuso zetu. Mwanadamu ana macho mawili yaliyoachana kidogo, na kila jicho huona vitu kwa mwelekeo wake. Mwingereza Charles Wheatstone alieleza mwaka 1838 kwamba ubongo huziunganisha taswira hizo mbili zisizolingana na kutoa hisia ya kina. Alitengeneza chombo kilichoitwa stereoskopu, kilichompa kila jicho mchoro wake, na mtazamaji akaona umbo lililosimama mahali palipokuwa na karatasi tu.

Hatua ya kutoka katika kuona kina hadi kukipima ilichukuliwa na wachora ramani na wasanifu wa majengo. Aimé Laussedat, afisa wa jeshi la Ufaransa, alianza katikati ya karne ya 19 kuchora ramani kwa kutumia picha. Mjerumani Albrecht Meydenbauer alikuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar mwaka 1858, akanusurika kuanguka kutoka juu. Tangu hapo alitafuta njia ya kupima jengo kutokana na picha zake badala ya kuliparamia. Jina la fani hiyo, fotogrametria, lilionekana katika maandishi mwaka 1867.

Kanuni yake ni ya pembetatu. Tukikitazama kitu kimoja kutoka sehemu mbili ambazo tunajua umbali kati yake, na tukajua pembe ya kila mtazamo, basi kitu kile kina mahali pamoja tu panapowezekana, napo ni pale mistari miwili inapokutana. Kompyuta za siku hizi hufanya hesabu hiyo kwa maelfu ya nukta. Mtu huzunguka kitu na kukipiga picha nyingi zinazopandana, kiasi kwamba kila sehemu ya kitu ionekane katika picha kadhaa. Programu hutafuta nukta zilizo sawa katika picha mbalimbali, hukokotoa kila picha ilipigwa kutoka wapi, kisha hukokotoa kila nukta iko wapi. Matokeo yake ni umbo linaloweza kugeuzwa na kutazamwa kila upande.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu asilisahau. Kutokana na picha peke yake, programu huweza kujua umbo, lakini haiwezi kujua ukubwa. Umbo la kiatu cha mtoto na la kiatu cha mtu mzima huweza kufanana kabisa. Hivyo hata katika njia hii mpya, rula ile ile ya Bertillon na wenzake bado inahitajika.

MASHINE GHALI NA NJIA NAFUU

Tangu Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, madaktari waliweza kuona ndani ya mwili pasipo kuupasua, lakini picha zao zilikuwa bapa. Mwaka 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo hupiga eksirei kutoka pande nyingi, na kompyuta huunganisha vipimo na kutoa taswira za vipande vya mwili, kimoja baada ya kingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa tiba ya kisheria wa Bern, Uswisi, wakiongozwa na Richard Dirnhofer na Michael Thali, waliunganisha CT na upimaji wa uso wa mwili kwa mwanga, wakauita mradi wao Virtopsy. Faida yake kubwa ni kwamba mwili huzikwa, lakini umbo lake lililopimwa hubaki na laweza kuchunguzwa upya.

Vyombo vya namna hiyo ni vya bei kubwa, navyo huhitaji chumba maalumu, umeme usiokatika na mafundi. Je, mahali pasipo na fedha hizo pakose kipimo? Hapo ndipo fotogrametria inapopata umuhimu wake. Mwaka 2015 watafiti wa Brno, Jamhuri ya Cheki, walichapisha matokeo ya kujaribu njia za fotogrametria katika kuweka kumbukumbu za uso wa mwili kwa ajili ya uchunguzi wa maiti. Mwaka 2017 wenzao wa Zurich, Uswisi, walieleza chombo walichokiita VirtoScan, ambacho ni kamera za kawaida zilizofungwa kwenye fremu inayohamishika. Programu za kuunganisha picha, kama vile Meshroom na COLMAP, hutolewa bure. Kwa alama ndogo, hata kamera ya simu huweza kutumika, ilimradi mtumiaji afuate kanuni.

Yafaa tuseme wazi njia hii isichoweza. Fotogrametria huona uso tu. Haioni mfupa uliovunjika ndani. Hushindwa pia kwenye vitu vinavyong'aa au vilivyolowa maji, kwa sababu nukta za mng'ao huhama kila mpiga picha anapohama. Hushindwa kwenye uso usio na alama yoyote, kwa kuwa programu haina cha kukamata. Kwa hiyo haiji kuchukua nafasi ya CT wala ya daktari. Huja kujaza pengo mahali ambapo bila hiyo pangekuwa na picha bapa na maelezo ya maneno tu.

SOMO LENYEWE

Somo hili laweza kuchukua vipindi vitatu. Wanafunzi wawe wamekwisha kujifunza desimali, pembe, skeli na eneo la mstatili.

Madhumuni. Mwisho wa somo mwanafunzi aweze: (a) kueleza kwa nini tunahitaji mitazamo miwili ili kupata umbali, (b) kupima kina cha alama isiyo na umbo la kawaida na kukiandika katika ramani, (c) kukadiria ujazo wa alama hiyo, na (d) kutofautisha alichokipima na alichokidhania.

Zana. Kisanduku cha mbao au karai pana lenye mchanga laini uliolowa kidogo, fremu ya vijiti yenye nafasi ya ndani ya sentimita 30 kwa 16, uzi, kijiti chembamba kilichonyooka, rula, kipimapembe, futi kamba, karatasi za miraba, penseli za rangi, mfuko mwembamba wa plastiki, kikombe cha kupimia, na kandambili tatu za urefu mmoja. Kandambili A iwe mpya. B iwe imelika kisigino upande wa nje. C iwe na ufa au pengo sehemu ya mbele. Zote ziwe mali ya mwalimu, si za wanafunzi. Sababu yake tutaieleza baadaye.

Kipindi cha kwanza: mitazamo miwili

Kila mwanafunzi anyooshe mkono, asimamishe kidole gumba, na kukitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Ataona kidole kama kinaruka mbele ya ukuta. Akisogeze karibu na uso na kurudia. Mwalimu aulize: kidole kiliruka zaidi lini? Wanafunzi watasema wenyewe kwamba kitu kilicho karibu huruka zaidi. Kutokana na jibu hilo mwalimu ajenge wazo kwamba kiasi cha kuruka chaweza kutueleza umbali.

Kisha darasa liende uwanjani. Wachague mti, na wapime mstari wa msingi AB wenye mita 10, uliowekwa hivi kwamba anayesimama A auone mti kwa pembemraba. Anayesimama B apime pembe kati ya mstari wa msingi na mti. Tuseme amepata nyuzi 63. Darasani wachore kwa skeli ya sentimita 1 kwa mita 2. Mstari AB utakuwa sentimita 5, na mistari miwili ya mtazamo itakutana kiasi cha sentimita 9.8 kutoka A. Umbali wa mti ni karibu mita 19.6. Warudi uwanjani na kuhakikisha kwa futi kamba.

Mwalimu asiishie hapo. Awaulize: kama B angekosea kwa nyuzi moja tu, akasoma 64, tungepata nini? Mchoro utaonyesha karibu mita 20.5. Lakini kama mstari wa msingi ungekuwa mita 2 badala ya 10, kosa hilo hilo la nyuzi moja lingeusogeza mti kwa zaidi ya mita 4. Kwa njia hii watoto watatambua kwa nini mpiga picha wa fotogrametria huzunguka kitu, wala hasimami mahali pamoja akibonyeza kamera mara arobaini.

Kipindi cha pili: ramani ya kina

Kabla ya kipindi mwalimu asawazishe mchanga, achague kandambili moja pasipo wanafunzi kuona, aikandamize kwa kuweka kibao bapa juu yake, kisha aiondoe kwa uangalifu. Fremu ifungwe nyuzi kila baada ya sentimita 2 kwa urefu na kwa upana. Nyuzi zitakatana mahali 14 kwa urefu na 7 kwa upana, jumla nukta 98. Fremu iwekwe juu ya kisanduku ili nyuzi ziwe milimita 30 juu ya mchanga uliosawazishwa.

Mwanafunzi mmoja ashushe kijiti wima kwenye kila makutano ya nyuzi mpaka kiguse mchanga bila kuuchoma. Wa pili asome urefu kutoka kwenye uzi. Wa tatu aandike katika karatasi ya miraba. Mstari mmoja wa kisigino waweza kusomeka hivi, kwa milimita: 30, 42, 43, 42, 38, 34, 30. Wakitoa 30 kutoka kwa kila tarakimu watapata kina chenyewe: 0, 12, 13, 12, 8, 4, 0. Ndipo wapake rangi: nyeupe kwa sifuri, na rangi inayozidi kukolea kadiri kina kinavyoongezeka. Taratibu umbo la kisigino litajitokeza kwenye karatasi, na upande mmoja utaonekana kufifia. Watoto wengi hufurahi sana mahali hapa, na ni haki yao, maana wametengeneza picha ya vipimo vitatu kwa uzi na penseli.

Hesabu ya ujazo hufuata kwa urahisi. Kila makutano yanawakilisha mraba wa sentimita 2 kwa 2, yaani sentimita mraba 4. Mstari ule wa kisigino una jumla ya milimita 49, ambazo ni sentimita 4.9, ukizidisha kwa 4 unapata sentimita za ujazo 19.6. Ikiwa jumla ya kina cha alama nzima ni sentimita 55, ujazo wake ni kiasi cha sentimita za ujazo 220. Baada ya hapo watandaze plastiki juu ya alama, wajaze mchanga mkavu hadi usawa, na wapime mchanga huo kwa kikombe. Majibu mawili hayatalingana kabisa. Mwalimu asiifiche tofauti hiyo, bali aifanye kuwa swali: je, tumepoteza wapi? Watataja nafasi kati ya nyuzi, kijiti kilichoinama, mchanga uliochomwa. Wakitaka usahihi zaidi, wasogeze nyuzi karibu. Lakini watambue kwamba nyuzi za sentimita 1 huleta nukta zaidi ya 400. Usahihi nao una gharama yake.

Kipindi cha tatu: ushahidi

Alama yenyewe sasa ifutwe. Ramani za kina zipewe kundi ambalo halikupima, pamoja na kandambili zote tatu. Swali ni moja: alama hii yaweza kuwa ya ipi? Kundi litoe moja kati ya majibu matatu kwa kila kandambili, nayo ni "yaweza kuwa", "haiwezi kuwa", au "hatuwezi kusema". Kila jibu litajwe na tarakimu inayolitetea. Kwa mfano wetu, kisigino kilichofifia upande mmoja kitawaelekeza kwenye B. Hata hivyo, mwalimu awaulize kama hakuna kandambili nyingine mjini iliyolika namna hiyo. Hapo watakubali kwamba "yaweza kuwa B" na "ni B" si kauli moja.

Kundi la wapimaji nalo lihojiwe. Nani alisoma kipimo? Saa ngapi? Fremu ilisogezwa? Kuna tarakimu iliyofutwa na kuandikwa upya, na kwa nini? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ushahidi ni mali ya namna hiyo. Kipimo ambacho hakijulikani kilifanywa na nani na kwa njia gani hakiwezi kuhakikiwa, na kisichoweza kuhakikiwa hakimsaidii hakimu.

Pale ambapo chuo au shule ina simu yenye kamera na kompyuta, mwalimu aongeze zoezi. Kabla ya kufuta alama, aweke rula mbili juu ya mchanga, usawa wa ukingo wa alama, moja kwa urefu na moja kwa upana. Apige picha thelathini hivi kivulini, akizunguka duara moja kwa chini na jingine kwa juu, kila picha ipandane na iliyotangulia kwa zaidi ya nusu. Asisogeze kitu chochote mpaka amalize. Umbo litakalotolewa na programu lilinganishwe na ramani ya nyuzi. Pasipo na vifaa hivyo, somo halipungui maana yake.

MPAKA WA PICHA

Tumesisitiza usahihi wa kipimo. Lakini mwanachuo akitoka hapa akidhani kwamba kipimo sahihi huleta hukumu sahihi, tutakuwa hatujamfundisha vya kutosha. Rula ile ya herufi L ya mwaka 1988 ilitengenezwa kwa ajili ya alama za meno kwenye ngozi. Rula ilikuwa njema, na picha zilipigwa kwa uangalifu. Dhana iliyojengwa juu yake ndiyo iliyokuwa dhaifu, yaani dhana kwamba mtaalamu huweza kumtambua mtu mmoja kutokana na alama za meno yake ngozini. Ngozi huvutika na kuvimba. Katika jimbo la Arizona, Marekani, mtu mmoja alihukumiwa kifo mwaka 1992 kwa kesi iliyotegemea sana ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 2002 uchunguzi wa vinasaba ulimwelekezea kidole mtu mwingine, naye akaachiliwa. Mwaka 2009 ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilionyesha udhaifu wa msingi wa kisayansi wa utambuzi huo.

Basi picha ya vipimo vitatu huhifadhi umbo. Haiamui maana ya umbo. Thamani yake kubwa ni kwamba mwingine, hata upande wa utetezi, aweza kupima tena na kuuliza upya. Mfano mwema tunao hapa Tanzania. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.66, zilisifika duniani baada ya ugunduzi wa mwaka 1978. Lakini kulikuwa na nyayo nyingine chache zilizopatikana karibu na hapo mwaka 1976, ambazo wapo waliodhani huenda ni za dubu. Zilifukuliwa upya mwaka 2019, zikapimwa kwa picha za vipimo vitatu na kulinganishwa na nyayo za dubu na za watu. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba zimeachwa na kiumbe wa jamii ya binadamu aliyetembea kwa miguu miwili. Udongo ulikuwa umeuhifadhi ukweli kwa muda wote huo. Kilichobadilika ni swali na kipimo.

TAHADHARI KWA MWALIMU

Tulisema kandambili ziwe za mwalimu. Sababu ni kwamba mchezo wa kumtafuta "mwizi" darasani huweza kumbandika mtoto jina ambalo halitamtoka mpaka amalize shule. Kiatu kisicho na mwenyewe hakimwaibishi mtu. Vile vile mwalimu asiwaruhusu wanafunzi kukisia uzito wa mtu kwa kina cha unyayo. Kina hutegemea pia unyevu wa mchanga na mwendo wa mtu, na kisio hilo huishia katika kumdhihaki mtoto mnene.

Jambo la pili ni zito zaidi. Huenda siku moja mwalimu akaona alama za kipigo kwenye mwili wa mwanafunzi. Maarifa ya somo hili hayampi ruhusa ya kumvua mtoto nguo, kumpiga picha au kuanza upelelezi. Hiyo ni kazi ya daktari, na katika Tanzania huambatana na fomu ya polisi namba 3, yaani PF3. Wajibu wa mwalimu ni kumsikiliza mtoto, kuandika aliyoyaona na tarehe yake, na kutoa taarifa mapema kwa wanaohusika. Alama ya kuvilia damu hubadilika rangi na kutoweka kadiri siku zinavyopita. Anayechelewa kutoa taarifa hupoteza ushahidi ambao hakuna kamera itakayourudisha.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba kina hupatikana kwa mitazamo zaidi ya mmoja, kwamba ukubwa hupatikana kwa rula iliyowekwa mahali pake, na kwamba vyote viwili huwa ushahidi pale tu ambapo mtu mwingine aweza kuvihakiki. Wachache miongoni mwa wanafunzi wetu watakuwa madaktari wa mahakama. Lakini wengi watakuwa mashahidi, wazee wa baraza, au watu wanaotuhumiwa. Mtoto aliyezoea kusema "nilipima hiki, nikadhani kile" amepata silaha ya kulinda haki yake na ya jirani yake.

MASWALI NA MAZOEZI KWA WANACHUO

1. Katika picha, sentimita 10 za rula zinaonekana kuwa sentimita 5, na alama inaonekana kuwa sentimita 12. Tafuta urefu halisi wa alama. Eleza masharti mawili yanayotakiwa ili jibu lako liaminike.

2. Mstari mmoja wa ramani ya kina, katika nyuzi zilizoachana sentimita 2, una vina vya milimita 0, 6, 9, 10, 9, 6, 0. Kadiria ujazo unaowakilishwa na mstari huo.

3. Tengenezeni fremu ya nyuzi kwa vifaa vinavyopatikana mahali mlipo. Makundi mawili yapime alama moja bila kuonyeshana majibu. Jadilini sababu za tofauti mtakazoziona.

4. "Picha haidanganyi." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa rula juu ya tofali na mfano wa alama za meno.

5. Andaa andalio la somo la kipindi cha tatu kwa darasa la wanafunzi 60 lenye kisanduku kimoja tu cha mchanga. Onyesha wazi kila kundi litafanya nini wakati kundi jingine linapopima.